Kazi ya Nesi wa Shule

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, muuguzi mstaafu, katika siku ya kukutana kwa wanafunzi waliosoma hapa



Mwaka juzi mlizungumziwa na hakimu, na mwaka jana mkazungumziwa na mhandisi. Mwaka huu kamati imewaletea nesi. Nimesikia minong'ono huko nyuma walikokaa vijana wa Kidato cha Pili, wala siwalaumu. Katibu aliniomba nieleze kazi yangu ilivyo na njia ya kuifikia. Nitafanya hivyo. Ninalo pia ombi moja kwa wakubwa wenzangu, nalo nitalitoa mwishoni, ili mtu asije akaondoka kabla ya chakula.

Nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1984. Nilipojaza fomu ya kuchagua kazi niliandika uuguzi, na kabla ya jua kutua bweni zima lilikuwa limekwisha kujua. Wakanipa jina la "Sista". Naona katika mstari wa mbele wapo wazee wawili watatu wanaolikumbuka. Hoja yao ilikuwa kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake. Jibu langu lilikuwa rahisi. Kijijini kwetu, kama katika vijiji vingi vya nchi hii tangu enzi za ukoloni, mtu aliyefunga vidonda na kugawa dawa kwenye zahanati alikuwa mwanamume, na tulimwita dresa. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mtu alikuwa na mtoto aliyepita mikononi mwake. Kidonda hakimuulizi mtu jinsia yake.

Nilipohitimu nilifanya kazi hospitalini kwa miaka kumi na mmoja, zaidi katika wadi ya watoto na idara ya wagonjwa wa nje. Mwaka 1999 nikaenda kuwa nesi wa shule ya bweni, na katika shule mbili za namna hiyo nikadumu mpaka nilipostaafu mwaka 2022. Basi, nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya nesi wa shule ni kugawa vidonge vya Panadol na kuandika ED, yaani kile kibali cha kusamehewa kazi ambacho vijana wanakitafuta kuliko cheti. Dhana hiyo si sahihi, na historia ya kazi yenyewe yaonyesha hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 jiji la New York, kule Marekani, lilikuwa na madaktari waliopita shuleni kukagua watoto. Mtoto aliyeonekana ana upele, mapunye, chawa au ugonjwa wa macho alirudishwa nyumbani. Lakini nyumbani hapakuwa na wa kumtibu. Wazazi wengi walikuwa wahamiaji maskini, hata karatasi waliyoletewa hawakuweza kuisoma. Mtoto alizurura mitaani, akicheza jioni na wenzake walewale ambao alitengwa nao asubuhi, na masomo yakampita.

Ndipo mwaka 1902 muuguzi mmoja, Lillian Wald, akapendekeza jambo jipya. Akamtoa muuguzi mwenzake, Lina Rogers, afanye kazi kwa majaribio ya mwezi mmoja katika shule nne. Rogers alitibu palepale shuleni yale yaliyotibika, na baada ya masomo akaenda majumbani kuwaonyesha akina mama jinsi ya kuosha na kupaka dawa. Mji ukaona faida, ukaajiri wengine. Mwezi Septemba 1902 watoto waliofukuzwa shuleni kwa sababu ya maradhi walizidi 10,000. Mwezi Septemba 1903 walikuwa kama 1,100 tu.

Ndugu zangu, nawaomba mwitazame hesabu hiyo vizuri. Daktari mkaguzi alikuwa anamtoa mtoto darasani. Nesi aliletwa ili amrudishe. Hiyo ndiyo kazi yetu hadi leo, na kwa miaka yangu yote nimejipima kwa swali moja tu: je, yule aliyeingia kwangu asubuhi amerudi kwenye dawati lake, na amerudi akiwa mzima?

Sasa niwaeleze jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana kuitaja ni rahisi kuliko kuitenda.

Kwanza, nesi hana budi kujua kutofautisha mgonjwa na mtu anayetegea kazi. Siku ya mtihani wa hesabu maumivu ya kichwa huzuka bweni zima, na asubuhi ya mchakamchaka miguu huuma ghafla. Hayo nayajua, na niliyajua nikiwa mwanafunzi. Hata hivyo nilijiwekea sharti kwamba hakuna atakayeitwa mtegeaji kabla sijamshika kwa mkono na kumpima. Palikuwa na kijana mmoja aliyekuja kwangu karibu kila siku baada ya kipindi cha pili akilalamika kichwa. Joto lake lilikuwa la kawaida na damu yake ilikuwa safi. Mwalimu wa zamu alikwisha kumchapa kwa uvivu. Nikamsimamisha mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi, akasoma mstari wa juu tu. Kijana huyo alikuwa anakaa dawati la nyuma, na kwa mwaka mzima alikuwa ananakili kutoka kwenye daftari la jirani yake. Dawa yake ilikuwa miwani.

Mwingine alichukia maji ya baridi na mbio za alfajiri, na kila msimu wa baridi alilala kitandani akilia kwa maumivu ya mifupa. Wenzake walimwona mdekaji. Alikuwa na sikoseli, au selimundu kama wanavyoita siku hizi. Huu ni ugonjwa wa kurithi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi sana huzaliwa nao. Chembe za damu hubadili umbo, hujipinda mithili ya mundu, na kuziba mishipa midogo. Baridi, kiu, uchovu na homa ya malaria huamsha maumivu hayo. Tulikubaliana na walimu kwamba asikimbie alfajiri, avae sweta, awe na chupa ya maji hata darasani, ameze dawa yake ya foliki kila siku, na akipata homa aletwe saa hiyohiyo bila kungoja kengele. Hayo yote hayakumgharimu mtu fedha nyingi, ila mtu wa kuyasimamia. Alimaliza Kidato cha Nne pamoja na wenzake.

Pili, nesi huondoa hofu. Mnaujua ugonjwa wa kifafa. Kijana akianguka bwaloni wenzake hukimbia, kwa kuwa wameambiwa kwamba povu lake linaambukiza. Haliambukizi. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa waliotengwa na jamii zao, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto, maana walipoangukia mekoni watu waliogopa kuwagusa. Wengi wao walipata nafuu kubwa kwa vidonge vya bei ndogo. Kwa hiyo kila mwaka, wiki ya kwanza ya muhula, niliwafundisha viranja wote mambo haya: msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, ondoeni vitu vigumu karibu yake, mgeuzeni alale ubavu, na mtazame saa. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, huyo ni wa hospitali. Akizinduka, kaeni naye, kwa sababu aibu humwumiza kuliko kuanguka.

Hofu nyingine ni ile inayoshika shule nzima. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya bweni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kicheko na kilio vikaenea mpaka kuwashika wanafunzi 95 kati ya 159, wengine kwa saa chache, wengine kwa siku nyingi. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, na wasichana waliporudi nyumbani jambo lile likaenea hata vijijini. Madaktari walipima, hawakuona sumu katika chakula wala vijidudu katika damu. Wakati huohuo wale wasichana hawakuwa wanaigiza. Mambo ya jinsi hii yangali yanatokea shuleni, ambapo wanafunzi huanguka au kupiga mayowe kwa makundi, na aghalabu watu hukimbilia kusema ni mapepo. Nesi kwanza huhakikisha usalama wa maji na chakula. Kisha huwatenga walioshikwa, mmoja mmoja, mahali patulivu, huondoa umati wa watazamaji, na huwasikiliza. Mara nyingi ukisikiliza utakuta jambo linalowalemea: mtihani, adhabu, njaa, au habari mbaya kutoka nyumbani.

Tatu, nesi huandika. Vijana wanafikiri kwamba chombo kikuu cha nesi ni sindano. Chombo changu kikuu kilikuwa rejesta. Kila aliyekuja niliandika jina, kidato, bweni, tatizo na saa. Jumapili jioni nilikaa nikaisoma. Juma moja nilihesabu vijana kumi na saba walioharisha, na kumi na wanne kati yao walitoka bweni moja. Sikuanza na dawa. Nilikwenda kutazama wanakokunywa maji, nikakuta mfuniko wa tangi umevunjika na ndege wamejenga kiota. Kadhalika na upele. Ukimtibu mmoja ukawaacha wenzake wa kitanda cha juu na cha jirani, baada ya wiki tatu atarudi kwako akijikuna. Hutibiwa bweni zima siku moja, na mashuka na mablanketi hufuliwa na kuanikwa juani siku hiyohiyo. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nesi wa shule hana budi kuvijua vitanda vyote.

Nne, na hili ndilo gumu kupita yote, nesi hutunza siri. Katika shule nzima yeye ndiye mtu mzima ambaye hatoi alama wala hatoi adhabu. Kwa sababu hiyo kijana humletea lile ambalo hatamwambia mwalimu wala mzazi. Nimewapokea vijana waliokuwa wakikojoa damu kwa miezi mingi, wakanyamaza kwa kudhani ni ugonjwa wa aibu, kumbe ni kichocho walichokipata kwa kuogelea bwawani, ambacho kinatibika kwa vidonge. Nimewapokea waliokuwa wanalia usiku. Nimewapokea wanaomeza dawa za virusi vya UKIMWI kila siku tangu utotoni, wakizificha ndani ya soksi ili bweni lisijue; hao niliwawekea dawa zao kwenye kabati langu, na wakaja kila jioni kana kwamba wanakuja kusafishwa kidonda. Mficha maradhi kilio humuumbua, ni kweli. Lakini mtu hufichua maradhi yake pale tu anapojua hayatatangazwa paredi. Niliwaambia wakuu wote wa shule niliofanya kazi chini yao, siku ya kwanza kabisa: nitakueleza lolote linalohatarisha maisha ya mtoto au ya wenzake, na mengine naomba usiniulize. Hakuna aliyekataa.

Sasa nawageukia vijana, hasa wale watakaopenda njia hii.

Kwanza mjue masomo. Ili kuingia chuo cha uuguzi na ukunga, hapana budi ufaulu Kidato cha Nne, na katika masomo hayo iwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Mafunzo ya stashahada ni miaka mitatu. Mwenye Kidato cha Sita aliyefaulu vizuri masomo ya sayansi anaweza kwenda kusoma shahada, mathalani katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa miaka minne, na baada ya hapo mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Ukihitimu, sharti usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na upate leseni, nayo huhuishwa. Bila leseni huruhusiwi kumgusa mgonjwa.

Pili, usikimbilie shule siku unayohitimu. Fanya kazi wadini miaka kadhaa. Hospitalini, ukiwa na shaka, yupo daktari wa kuitwa. Shuleni saa nane usiku uko peke yako na taa, na kijana ameshika tumbo. Ni lazima jicho lako liwe limekwisha kuona kidole tumbo mara nyingi kabla ya usiku huo, ili ujue kwamba huyu hangoji alfajiri. Ni lazima uijue shingo iliyokakamaa ya mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo, na pumzi ya mwenye pumu anayezidiwa. Mafunzo ya kujua nani wa kulaza, nani wa kurudisha darasani na nani wa kukimbiza hospitali hupatikana wadini.

Tatu, usiache kusoma. Nilipoanza mwaka 1999 tulikuwa tunatibu malaria kwa klorokwini, na wakubwa mtakumbuka ilivyowasha mwili. Mwaka 2001 ikaondolewa, mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto, kisha vikaja vipimo vya haraka vya tone moja la damu. Kipimo hicho kilibadili kazi yetu. Zamani kila homa ilikuwa malaria. Sasa kipimo kikisema hakuna malaria, hapo ndipo kazi inapoanza: tazama koo, sikiliza kifua, uliza juu ya mkojo. Nesi anayefanya kazi kwa elimu ya mwaka aliohitimu atawaumiza watu.

Nne, usitarajie utajiri. Mshahara unatosha kwa mtu asiye na makuu. Mimi nimejenga nyumba ya vyumba vinne na nimesomesha watoto. Hakuna atakayeweka picha yako ukutani. Lakini nikipita stendi za mabasi nasikia mtu mzima ananiita, "Shikamoo, nesi," na mara nyingi namkumbuka kwa ugonjwa wake kabla ya jina lake.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika kwenye ombi langu.

Asubuhi hii, kabla ya shughuli kuanza, nilikwenda kutazama zahanati ya shule yetu. Nimekuta mlango umefungwa kwa kufuli. Patroni, ambaye ni mtu mwema, amenieleza kwamba nesi wa mwisho alistaafu miaka miwili iliyopita na hajapatikana mwingine. Yeye hutunza vidonge vya maumivu ndani ya kabati lake, na usiku mtoto akizidiwa hutafuta gari mjini kwa simu. Ndani nimechungulia dirishani: vitanda viwili havina magodoro, na bati limevuja juu ya kabati la dawa. Hapa wanalala vijana zaidi ya mia nne.

Katika ajenda ya mkutano wetu wa leo mchana ipo hoja ya kutumia fedha za chama kujenga lango jipya lenye majina ya wanafunzi wa zamani. Sina neno juu ya lango, na naamini jina langu lingekuwamo. Hata hivyo naomba mkutano ujadili kwanza hoja nyingine, nayo ina sehemu tatu. Paa la zahanati litengenezwe na vinunuliwe vitanda vinne na magodoro yake. Chama kimlipe nesi mwenye leseni kwa miaka miwili, wakati Mkuu wa Shule na Bodi wanafuatilia kupewa mtumishi wa kudumu. Na kila mwaka chama kitenge fedha kidogo za dawa na vipimo.

Nami sitaki kuomba kwa mdomo mtupu. Leseni yangu ingali hai. Mkutano ukikubali, nitakuja hapa siku mbili kwa juma bila malipo mpaka huyo nesi apatikane, na nitaanza na rejesta mpya na ubao wa herufi, ambao nimeuleta leo uko ndani ya mfuko huu. Kijana yeyote anayeona ubao wa darasani kwa shida aje baada ya chakula anione chini ya ule mwembe. Hakuna ED itakayotolewa.